Kisanduku Kilichokula Pumzi

Mama mkubwa alirudi kutoka kwa daktari wa meno, akavua buibui, akalitundika nyuma ya mlango, kisha akasema meno yake ya mbele ya juu yatang'olewa yote. Alilisema kama mtu anayetoa habari kwamba sokoni leo samaki ni changu tu, tafi hakuna. Halafu akauliza kama chai iko tayari.

Mimi ndiye niliyeduwaa, birika mkononi, nikimtazama kinywa.

"Yote?"

"Yalosalia. Asema fizi zimekwisha, meno yaning'inia kwa hisani tu. Tia chai, mwanangu, usinitolee mato."

"Lini?" nikauliza, nikiyashusha macho.

"Mwezi ukiandama."

Mwezi uliokuwapo ulikuwa umeshazeeka. Nilimimina chai nikaimwaga nusu kwenye sahani, naye akaitazama ile sahani, akanitazama mimi.

Ili ieleweke kwa nini nilishtuka kuliko mwenye meno, inabidi nieleze mambo mawili kwa utaratibu.

La kwanza ni lugha. Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, tuna herufi ambazo kalamu haizionyeshi. Kucheka, kwetu, ni kuteka, na ukilitamka neno hilo ncha ya ulimi hugusa meno ya juu. Kuchota maji nako ni kuteka, lakini hapo ulimi hurudi nyuma kidogo ukagota kwenye ufizi. Ukiandika, ni neno moja. Ukisikia, ni mawili. Kaa la moto hutoka mdomoni kavu. Kaa wa baharini, mwenye magando, hutoka na pumzi inayomfuata. Paa la nyumba halina pumzi. Paa wa mwituni, yule mnyama mdogo wa jamii ya swala, anayo. Kizazi changu kimesomea Kiswahili cha vitabu na tofauti hizi zinatuponyoka. Mimi nazisikia, lakini nikizungumza haraka siziwahi. Mama mkubwa hazikosi hata akiwa na tambuu shavuni.

La pili ni hadithi. Mama mkubwa ni dada wa mama yangu na ndiye aliyenilea, katika nyumba hii hii ya uchochoro wa nyuma ya Ndia Kuu. Alikuwa na hadithi aliyoitunga mwenyewe ili kutufunza kusema. Msichana anatumwa na mamake akaombe kaa kwa jirani, la kuwashia jiko. Kwa kuwa hasikilizi vizuri, anarudi na kaa wa magando chini ya kawa, na mamake anapotia mkono kulitoa, anabanwa kidole, na mtoto anapigwa. Anatumwa hapa, anatumwa pale, na kila mara anakosea kwa herufi moja. Mwisho yuko kisimani na wenziwe, mzee anapita, anawauliza wanafanya nini. "Twateka," wanamjibu. Mzee anadhani wanamcheka. Anakwenda kushtaki, kadhi anakaa, na kila msichana anaitwa mbele alitamke neno la kucheka, lilinganishwe na lile walilojibu kisimani, huku kadhi akimtazama ulimi. Yule wa kaa, aliyekwisha kupigwa na kufunzika, ndiye pekee anayelitamka sawasawa; mzee anasikia kuwa silo aliloambiwa kisimani, na kesi inaisha.

Hadithi nzima imesimama juu ya herufi. Ziondoe, itabaki habari ya watu wanaogombana bila sababu. Haikuwa imewahi kurekodiwa, maana hakuna aliyedhani itakwisha. Na sasa daktari alikuwa amepanga kuyang'oa yale yale meno ambayo neno la mwisho hulala juu yake. Atatiwa ya bandia, ndiyo. Lakini ulimi wa mtu mzima utayakubali lini, na utasema nini juu yake, hilo hakuna aliyeweza kunihakikishia.

Nikamwambia nataka kumrekodi kabla ya mwezi kuandama.

"Ili iwe nini?"

"Wajukuu zako wa Muscat waisikie."

Alifikiri. "Wale wasema kama televisheni," akasema. "Haya. Lakini sitaki kelele za paka."

Chumba changu cha juu ndicho studio yangu. Nilifanya kazi ya redio, nikizunguka na maikrofoni bandarini na mahakamani, mpaka kituo kilipopunguza watu. Nilipoondoka niliuziwa maikrofoni moja kuukuu ya pale, na tangu hapo nasoma matangazo ya biashara na kuyarekodi nyumbani, godoro likiwa limesimamishwa ukutani na mazulia juu ya dirisha. Kwa matangazo ilinitosha. Kwenye tangazo unapiga kelele.

Mama mkubwa hapigi kelele. Nilimketisha, nikachomeka maikrofoni kwenye kompyuta kupitia ule waya wangu wa kila siku, nikamwambia aseme chochote. Nilipomsikiliza nilimkuta mbali sana, kama mtu anayezungumza nyumba ya pili, na juu yake kuna mchakacho wa mvua isiyokuwapo. Nikiongeza sauti, mvua nayo inaongezeka.

Nilijua ugonjwa. Maikrofoni za aina ile hutoa umeme kidogo mno, na lazima pawe na kitu katikati kinachoikuza sauti kabla haijafika kwenye kompyuta. Wauzaji hukiita priampu. Redioni kilikuwa kimefungwa ndani ya meza na sikuwahi kukifikiria, kama mtu asivyofikiria bomba lililo ndani ya ukuta. Ziko priampu za bei ya gari. Mimi nilitaka ya bei ya mtu anayesoma matangazo ya magodoro.

Nilikwenda kwenye duka la vyombo vya muziki, upande wa barabara ya Digo. Muuzaji ni mtu wa makamo kutoka bara ambaye, kama alivyonieleza bila kuulizwa, alikuja Mombasa kwa kazi ya bandari na akabakia kwa sababu ya kinanda cha kanisani. Aliniwekea visanduku viwili juu ya meza ya kioo. Kimoja kilikuwa cha chuma cha kijivu, kizito, kina kirungu kimoja cha kuzungusha na taa moja ndogo, basi. Cha pili kilikuwa chepesi, kimejaa taa za rangi na vitufe vya mwangwi, vya makofi, vya kicheko.

"Hiki cha kijivu hukuza tu, dada," alisema. "Kikipata kelele kinakuza kelele. Lakini hiki kingine kina akili. Kinakata pumzi."

"Kinakata pumzi vipi?"

"Jaribu mwenyewe."

Nilivaa hedifoni, nikasema moja, mbili, tatu, nne. Nje kulikuwa na tuktuk na mtu anayetangaza viatu kwa spika. Nikisema, nilijisikia. Nikinyamaza, kimya kabisa, kama kisima kilichofunikwa. Hata kuhema kwangu hakukusikika. Redioni tulikuwa tukikaa mezani tukifuta pumzi za wasomaji habari moja baada ya nyingine, na leo kisanduku kinafanya kazi hiyo peke yake, tena kwa bei ndogo kuliko ndugu yake wa kijivu. Sikufikiri mara mbili.

Tulirekodi mchana baada ya chakula, wakati mji unapolala na mikokoteni imeegeshwa. Mama mkubwa alipanda ngazi amevaa leso mpya, kana kwamba maikrofoni ina macho. Alinitaka nizime feni. Alinitaka nimfukuze njiwa dirishani. Kisha akakaa na kusimulia bila kusita, akiigiza sauti ya kadhi kwa kidevu chake mwenyewe, na mimi nikatazama mstari wa kijani ukipanda na kushuka kwenye kioo cha kompyuta, safi, bila unywele mmoja wa kelele kati ya neno na neno. Kwa siku kadhaa tulifanya hivyo mpaka hadithi ikaisha. Niliisikiliza yote mara mbili. Nilicheka palipostahili kuchekwa. Nilijipongeza.

Kisha nikateremsha spika chini ukumbini ili na yeye asikie.

Alisikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo. Vidole vyake vilikwenda, vikapunguza mwendo, vikasimama.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi?"

"Wewe."

Aliinamisha kichwa kuelekea kwenye spika, kama anayemsikiliza mgeni mlangoni kabla ya kumfungulia. "Huyu ametoka Voi, huko bara," akasema. "Ni mwanamke mzuri, ana adabu. Lakini ametoka Voi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Rudisha pale pa kaa."

Nikarudisha. Sauti ikasema mama alimtuma mtoto akaombe kaa, na mtoto akarudi na kaa.

"Sasa kosa la mtoto li wapi?" aliniuliza. "Katumwa kaa, kaleta kaa. Apigwa bure."

Nikarudisha mwenyewe mara ya pili. Mara ya tatu niliinama kwenye spika kama yeye. Kaa na kaa yalikuwa neno moja. Si kwamba yanakaribiana. Yalikuwa yale yale, kama yaliyopigwa chapa. Nikakimbilia pale pa kisimani. Mzee anauliza, wasichana wanajibu, kadhi anatazama ndimi zao mmoja mmoja, na kila msichana anasema kitu kilekile. Kesi nzima ilikuwa upuuzi.

Nilipanda juu ngazi mbili mbili na kuifungua sauti kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka neno moja likajaa kioo. Mahali ambapo pumzi ingekuwa, baada ya ile herufi ya kwanza, palikuwa na mstari mnyoofu. Kisanduku kilidhani pumzi ya mama mkubwa ni uchafu. Na kwa kuwa kilikuwa kikifunga mlango kila palipotokea kimya, kilichelewa kuufungua tena, kikawa kinakata mwanzo wa neno, hapo hapo ambapo ulimi hugusa jino au ufizi. Kilikuwa kimezing'oa herufi zake kabla ya daktari.

Kilichonishtua zaidi ni masikio yangu. Nilikuwa nimesikiliza mara mbili, kwa hedifoni, mimi niliyelelewa na hadithi hii, na sikusikia kasoro. Naijua mno. Kila palipokatwa, akili yangu ilikuwa ikijaza yenyewe, bila kuniambia. Mtoto wa Muscat hana cha kujazia.

Niliporudi chini, mama mkubwa alikuwa amesharudi kwenye mchele.

"Kisanduku kimekula pumzi," nikamwambia.

"Nimeona," akasema. "Kina njaa."

Tungekuwa bado na muda, lau si jino. Usiku ule shavu lake la kushoto lilivimba, na asubuhi daktari alimtazama, akampa dawa za uvimbe, akasema hatangoja mwezi. Mara shavu likishuka, arudi, akataja siku. Nilihesabu siku zilizosalia njiani tukirudi, nikahesabu tena nikidhani nimekosea.

"Kisanduku hicho si kina mwenyewe?" mama mkubwa aliuliza, leso ikiwa imefunika shavu. "Twende kwa mwenyewe."

"Wewe ukapumzike. Nitakwenda mimi."

"Ulikwenda wewe. Ukaleta kaa."

Basi tulikwenda wawili. Muuzaji alimwona akiingia, akatoka nyuma ya kioo na kumwekea kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani? Watu wa nyumbani?"

"Wote wazima, mama. Pole na jino."

"Jino ni langu, lisikusumbue. Nimekuya kwa sababu ya kijisanduku chako. Chatafuna maneno."

Muuzaji alinitazama mimi kutaka tafsiri. Nikamweleza. Nikamwomba anionyeshe pa kuizima ile akili ya kukata pumzi. Alikigeuza kisanduku, akabonyeza hapa na pale, makofi yakapigwa, kicheko kikacheka, mwangwi ukaja na kuondoka. Akakiweka chini.

"Haizimiki, dada. Ndiyo kazi yake. Watu wote hupenda hivyo."

"Pumzi ndiyo herufi yenyewe," nikasema.

"Herufi gani?"

Mama mkubwa alinyoosha mkono. "Lete mkono wako, mwanangu." Muuzaji akasogeza kiganja chake mbele ya kinywa cha mama mkubwa, kwa umbali wa heshima. "Paa," akasema mama mkubwa. "Hilo ni la nyumba. Umehisi kitu?"

"Hapana."

"Paa. Huyo ni wa mwituni."

Mtu yule aliuondoa mkono kana kwamba umeguswa na moto. Akautazama. Akaurudisha. "Rudia, mama."

Alirudia. Yeye akajaribu kwa kinywa chake, kiganja mbele, na kila paa lake likatoka na upepo wa kuzima mshumaa.

"Nimekaa Mombasa tangu sina mvi," alisema taratibu. "Kila masika namwambia mwenye nyumba wangu paa linavuja. Ananiitikia tu, anacheka, anakwenda zake."

"Wamwambia swala avuja," mama mkubwa akamjibu. "Angefanyaje? Amwite daktari wa mifugo?"

Muuzaji alikaa kwenye kiti cha pili. Alicheka, lakini macho yake yalikuwa bado kwenye kiganja, na nilimwelewa. Hata mimi sikuwa nimepona mshtuko wangu. "Na hakuna aliyewahi kuniambia," akasema.

"Una adabu. Watu hawamsahihishi mtu mwenye adabu."

Safari hii tulijaribu kama inavyopasa. Sikusema moja, mbili, tatu. Mama mkubwa alikaa mbele ya maikrofoni dukani, shavu limevimba, akasema kaa na kaa, paa na paa, teka na teka, na muuzaji akavaa hedifoni na kumpa mgongo ili asimwone kinywa. Kazi yake ilikuwa kusema tu kama neno lina pumzi au halina. Kwa kile kisanduku cha taa alibahatisha, akakosea, akabahatisha tena, mwishowe akavua hedifoni na kusema hii ni kama kuulizwa rangi gizani.

Akaunganisha kile cha kijivu.

Nilimwona mgongo ukinyooka. "Ina," akasema. "Haina. Haina. Ina." Hakukosea hata mara moja. Kisha bila kuambiwa akageuka, macho yamemtoka, akauliza, "Na hii teka mbili nazisikia. Moja ni kama imepigwa kwenye glasi, nyingine kwenye ubao. Ni kweli au nimechanganyikiwa?"

"Ni kweli," nikamwambia.

"Lakini nasikia pia yule mtu wa viatu. Nasikia friji ya soda ya jirani. Nasikia tumbo la mtu."

"Ni langu," mama mkubwa alisema. "Sijala tangu jana."

Ndipo nilipoelewa nilichopaswa kutafuta tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nikitafuta kisanduku kinachojua nini cha kutupa. Nilichohitaji ni kisichojua chochote: kinachopokea sauti dhaifu, kuipa nguvu ya kutosha bila kuongeza mchakacho wake, na kuiacha ilivyo. Akili ya kuchagua ibaki kwa mtu. Muuzaji alikichukua kile cha taa na kunipa cha kijivu, tukaelewana juu ya tofauti ya bei bila maneno mengi, naye akatusindikiza mpaka barabarani akijaribu paa zake kwa sauti ya chini.

Tulingoja dawa zifanye kazi, tukabakiwa na mchana mmoja.

Kwa kuwa kisanduku kipya hakitupi kitu, ilinibidi niutupe mji kwa mikono yangu mwenyewe. Nilishuka uchochoroni nikamwomba jirani mwenye cherehani apumzike hadi adhana ya alasiri. Nilizima friji yetu, nikaifungia saa ya ukutani ndani ya kabati, ikiwa imefunikwa mto. Njiwa niliwamwagia mtama kwenye paa la nyuma ili wahamie huko. Mama mkubwa alipanda ngazi polepole na kuketi. Dawa zilikuwa zimeshusha uvimbe, lakini si wote.

Nilivaa hedifoni, nikazungusha kile kirungu kimoja, na nikashtuka nikarudi nyuma na kiti.

Alikuwa ndani ya kichwa changu. Sina namna nyingine ya kulieleza. Alikuwa hajasema kitu bado, alikuwa anapumua tu, na nilisikia pumzi ikipita juu ya ulimi, nikasikia leso ikisugua bega, nikasikia mate yakimezwa. Nilisikia pia kitu kingine, mlio mdogo mkavu, kama punje ya mchele inayogonga sahani. Ilinichukua muda kujua ni nini. Lilikuwa jino lenyewe, likicheza kwenye ufizi kila alipofumba kinywa.

"Wanitolea mato tena," akasema, na sauti yake ilikuwa kubwa na karibu hata nikafumba yale macho.

Alianza. Kaa la moto likatoka kavu. Kaa wa magando akatoka na pumzi yake, nikaiona hata kwenye kioo, kichaka kidogo cha majani nyuma ya herufi. Mamake msichana alibanwa kidole, msichana akapigwa. Njiwa mmoja alirudi, akaguna, tukamwacha. Yumo ndani ya hadithi mpaka leo. Lakini tulipokaribia kisimani nilianza kusikia jambo ambalo macho yasingeniambia. Kila alipoliendea neno lenye herufi ya meno, kabla yake kulikuwa na kituo kifupi mno, na pumzi iliyovutwa kwa ndani. Ulimi ulipokuwa ukisukuma jino, jino lilikuwa likimchoma. Uso wake haukuonyesha kitu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayewasimulia watoto.

Nilisimamisha mashine.

"Mama, yatosha. Tulipofika panatosha."

"Wamefika wapi?"

"Kisimani."

"Kadhi hajakaa?"

"Hajakaa."

"Sasa watoto nitawaacha na kesi?" Aliifuta midomo kwa ncha ya leso. "Washa kitu chako. Na usinitazame, wanitia uchungu wewe kuliko jino."

Niliwasha na kugeukia ukuta. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya hadithi sikuiona, niliisikia tu, nikiwa nimelikabili godoro. Mzee akauliza. Wasichana wakajibu. Kadhi akakaa, akawaita mmoja mmoja, na kwa kila msichana mama mkubwa alilitamka lile neno kwa kosa tofauti, mmoja akiupeleka ulimi nyuma mno, mwingine akiulegeza. Alikuwa akikosea makusudi, kwa ufundi, na kila kosa lilikuwa nafuu kwa jino. Kisha akaja msichana wa kaa. Nikasikia kile kituo. Nikasikia pumzi ikivutwa. Ulimi ukaenda kwenye meno, ukakaa hapo sekunde nzima kama mtu anayebisha hodi, na neno likatoka, lote, teka, kicheko kisicho na shaka, na nyuma yake sauti ndogo ambayo haimo kwenye hadithi.

Asubuhi iliyofuata daktari aliyang'oa.

Kwa majuma mengi alizungumza kidogo, leso mdomoni. Hadithi nilikwisha kuipeleka Muscat, na ikajibiwa: watoto wamecheka pale pa kidole, na mkubwa wao ameuliza kwa nini kaa ni wawili. Nilimsomea jibu hilo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikaona kazi imekwisha. Nilichokuwa nikikihofia hakikutokea. Kilichopaswa kuhifadhiwa kimehifadhiwa.

Meno ya bandia yalikuja baadaye, meupe kupita kiasi. Siku ya kwanza alisema "sabalkheri" na likatoka na filimbi. Siku ya pili nilikuwa jikoni nikisikia hatua kwenye ngazi, za kupanda. Sikuzijali. Baadaye nilipopanda kwenda kuchukua simu nilimkuta studioni, ameketi kwenye kiti changu badala ya chake, hedifoni zimevaliwa juu ya leso, zimepinda upande mmoja, sauti ikivuja hadi mlangoni. Alikuwa amejifunza kwa kunitazama pa kubonyeza. Hakunisikia nikiingia.

Alikuwa akimsikiliza msichana wa kaa. Alibonyeza, akasikiliza, akasimamisha, akalisema lile neno na meno mapya. Likatoka na upepo pembeni. Akatikisa kichwa, akautoa ulimi, akaugusa kwa kidole kama anayemwonyesha mtoto pa kusimama. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Si hivyo, bibi we," akajiambia, kwa ile ile sauti aliyokuwa akitusahihisha sisi. "Tazama mwenzio afanyavyo."

Nilisimama mlangoni nimeshikilia fremu. Nilidhani ninamrekodi kwa ajili ya wajukuu. Haikunipitikia hata siku moja kwamba mwanafunzi wa kwanza angekuwa yeye.

Akabonyeza tena. Teka, ikasema sauti ya zamani. Teka, akasema yeye, na mimi niliyekuwa hapo hapo sikuweza kujua kama anacheka au anachota maji. Aliinua mkono kukinyamazisha chumba kizima, ingawa hapakuwa na aliyesema kitu, akakisogelea kisanduku karibu zaidi, akaanza upya.